Alichokiandika Wietske

Wietske aliinua mikono kutoka kwenye kibodi, na skrini iliyo mbele ya Harm ikabaki tupu.

Walikuwa wametoka kumzika mama yake Harm, wamekaa ukumbini, kahawa na keki zikipita mezani. Harm ni kiziwi tangu utotoni, na kazi ya Wietske ni kumwandikia kila linalosemwa. Kibodi yake si ya kudonoa herufi moja moja kama kuku. Vidole vya mikono yote miwili hubonyeza kwa pamoja, silabi nzima ikatoka mara moja, naye akaenda sambamba na msemaji. Na sharti ni moja: kinachosikika kiandikwe, hata kama ni tusi.

Lakini Roelof, kaka mkubwa wa Harm, alikuwa amemwambia jirani yake mezani, "Mama kamwonea haya huyu mpaka anaingia kaburini. Unadhani lile bweni la viziwi kule mbali lilikuwa la nini?"

"Kasema nini?" Harm akauliza. "Mbona mmenyamaza wote?"

Jamani, ungefanyaje? Wietske akashusha mikono, akaandika: *Mama alikupenda kuliko sisi sote.*

Harm akasoma, akarudia kusoma. Kisha mzee wa watu akainuka, akazunguka meza huku analia, akamkumbatia Roelof mpaka kahawa ikamwagika. "Kaka! Miaka yote hii hukuniambia!"

Roelof alisimama kama gogo. Harm aliporudi kitini, kaka yake alimfuata, akachungulia skrini. Uso ukamwiva.

"We bibi, nani kakutuma? Mimi sikusema hayo!"

Aibu ilimpanda Wietske mpaka masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze. Mbele yake Harm alikuwa anasubiri, macho kwenye skrini, kama alivyosubiri siku zote bila kumtilia shaka hata mara moja. Mikono ikashuka yenyewe, yote miwili.

*Mimi sikusema hayo.*

Harm hakumtazama kaka yake. Alimgeukia Wietske, akauliza polepole:

"Na siku ile kwa daktari? Aliposema uvimbe wangu si wa kuogopa?"

Siku ile Wietske alikuwa ameandika kila neno, haki ya Mungu. Roelof akaanza kuokota makombo ya keki yasiyokuwa yake.

*Ndivyo alivyosema,* Wietske akaandika.

Maneno yakakaa pale, chini ya yale ya uongo, kwa herufi zilezile. Harm akaendelea kuyatazama, mkono mmoja tumboni, penye uvimbe.