Misukule wa Chumba cha Pasi

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wenye akili timamu walipokwenda uwanjani kushangilia mpira, kikundi kidogo cha wasichana kilijifungia katika chumba cha pasi cha bweni na kufa mmoja mmoja.

Walikufa kwa heshima zote. Juu ya blanketi la kupigia pasi ilichorwa kwa chaki milima, mto na ngome ya Mfalme wa Majivu. Kila mchezaji alikuwa kifungo cha shati, na kifungo hicho kilikuwa na cheo, silaha na ukoo. Dada Kiranja, mkubwa wa bweni na mwenye ufunguo wa chumba, ndiye aliyesimulia yaliyowapata njiani, akawaletea maadui, akaamua na mvua inyeshe lini. Mfalme wa Majivu alikuwa wake pia. Kwa kuwa kifungo kisingemtosha, aliwakilishwa na kizibo cha dhahabu cha chupa ya manukato, na kila juma wachezaji walikumbushwa kwamba mfalme huyo hajawahi kufa, tofauti na watu wengine wasio na adabu.

Sheria ya meza ilikuwa hii: ukifa, kifungo chako kinageuzwa kifudifudi, unakuwa msukule, mfu anayetembea, na misukule wote ni mali ya Dada Kiranja. Anawatuma apendavyo, ila kwa sharti moja alilolitunga mwenyewe kwa mbwembwe siku ya kwanza: msukule hana rafiki, humrukia yeyote aliye hai aliye karibu naye. Mwenye kifungo, kwa upande wake, anaondoka mezani, anashika pasi na kunyoosha sketi za walio hai mpaka muhula uishe. Na msukule wake akiuawa mara ya pili, kiti chake mezani kimekufa naye. Hakuna kurudi, muhula huu wala mwingine.

Sasa mezani alikuwa amebaki Kisoda peke yake; wengine wote walikuwa madirishani na pasi zao. Kisoda, msichana mfupi kuliko jina lake, alicheza tabibu, yaani mtu ambaye kila shujaa humdharau mpaka damu ianze kumtoka. Kengele, ambaye akinong'ona bwenini mpishi huitika jikoni, alikuwa ameangukia darajani na shoka lake. Na juma lililopita alikuwa amekufa Ngazi, binamu yake Kisoda, mtoto wa mjomba, mpiga upinde hodari.

Kifo cha Ngazi kilikuwa na utata. Dadu yao ya pande ishirini ilichongwa kwa sabuni ya kufulia, na kila ilivyorushwa ilizidi kuwa mviringo, hivyo matokeo yake yalihitaji mfasiri, na mfasiri alikuwa Dada Kiranja. Siku hiyo ilisimama katikati ya kumi na tisa na moja. Ikafasiriwa kuwa moja, yaani kifo.

Ngazi hakubisha. Hakuwa mtu wa kubisha. Darasani alijibu maswali kwa kuangalia viatu vyake, na hata kwa bibi, wakati wa likizo, watu husahau kama yumo chumbani. Mezani pale tu, akiwa na upinde, ndipo alipopata sauti. Aliwahi kulitukana jitu mpaka likajikwaa. Tangu afe alikuwa amerudi kwenye ukimya wake, amesimama dirishani na pasi. Jambo hilo lilimkaa Kisoda kooni kama mwiba wa samaki.

"Umefika lango la ngome," alisema Dada Kiranja kwa sauti ya mazishi. "Ukungu umetanda. Unasikia harufu ya udongo uliofukuliwa. Na mbele yako, tabibu, anasimama..." Alisukuma kifungo cheupe kilichogeuzwa. "...binamu yako."

Dirishani, pasi ilisimama.

"Macho yake ni mashimo. Upinde ameushika bado. Nyuma yake, ndani ya ngome, wamejaa wenzake wote. Lakini wewe una chupa moja ya maji ya uzima. Aliye hai yanamponya. Msukule yanamuunguza. Mmwagie huyu, wengine watatawanyika kwa hofu, nawe utakuwa mshindi wa muhula."

"Na huyu?" Kisoda aliuliza, akionyesha dirishani kwa kidevu.

"Huyo ataendelea na pasi. Ana mkono mzuri, usimwone hivi."

"Kisoda," Kengele alisema, na vioo vikatetemeka, "ukimmwagia binamu yako, sketi yako naitoboa kwa pasi tundu la kupita kichwa."

"Wafu hawasemi!" alifoka Dada Kiranja.

"Mfu ni kifungo changu, Dada. Mimi mwenyewe nimekula maharage sasa hivi."

Ndipo Ngazi akasema, polepole, akiangalia viatu vyake, "Mmwagie tu, Kisoda. Ni mchezo tu."

Kama angenyamaza, pengine Kisoda angekuwa na la kufikiri. Lakini ile ilikuwa sauti ya darasani, na ilikuwa imeingia mpaka humu. Kisoda akalitazama blanketi: vifungo vilivyolala kifudifudi, kimoja tu kikiangalia juu, na kule nyuma, kwenye kiti cha enzi cha chaki, kizibo kinang'aa.

"Tabibu anafungua chupa," alisema.

"Safi."

"Anaimwaga chini."

Dada Kiranja alifumba macho, akafumbua. "Chini wapi?"

"Chini. Ardhini. Halafu anakaa kwenye jiwe. Ametembea muhula mzima, jamani, miguu inamuuma."

"Huna silaha nyingine! Watakuua!"

"Waje. Karibuni, ndugu zangu, msiogope."

"Utashika pasi, unajua?"

"Najua. Na nitapiga vibaya, nakuahidi mapema."

Dada Kiranja hakuwa mtu wa kubembeleza anayetaka kufa. Alifungua lango kwa kelele za bawaba alizozitoa kwa mdomo, akakusanya misukule wote kwa viganja viwili na kuwamwaga juu ya tabibu. Kifungo cha Kisoda akakigeuza mwenyewe, kwa kidole kimoja, kama anayezima taa.

"Mwisho," alitangaza. "Wamekufa wote. Mfalme anaishi."

"Ndiyo," Kisoda alisema, hajainuka. "Anaishi peke yake. Dada, hebu nikumbushe, msukule humrukia nani?"

Dada Kiranja alikifunika kizibo chake kwa kiganja.

"Aliye hai aliye karibu naye," alijibu mtu mwingine.

Wote waligeuka. Ngazi alikuwa ameisimamisha pasi wima.

"Ulisema mwenyewe," aliendelea. "Ukagonga na meza. Na lango umeliacha wazi."

"Mfalme ni bwana wao!"

"Msukule hana rafiki!" alinguruma Kengele, kwa ile ile sauti ya mazishi.

"Mimi ndiye ninayewaendesha!"

"Waendeshe, basi," alisema Kisoda. "Lango lile pale."

Dada Kiranja hakuvigusa vifungo. Badala yake aliunyakua ufunguo, akasimama mlangoni. "Nafunga chumba. Na mwalimu wa zamu atapata majina yenu. Rudini kwenye pasi!"

"Mpelekee," alisema Kengele, akikunja mikono. "Mwambie wafu wamegoma."

Hakuna aliyecheka, ingawa ilistahili. Ngazi alichomoa waya ukutani, akauzungusha taratibu kwenye mpini wa pasi, akaiacha sketi ya Dada Kiranja na mikunjo yake yote. Akaja mezani. Kisoda akasogea, naye akakaa pale pale alipokuwa akikaa zamani. Aliposhika kifungo chake, Kisoda alinyoosha mkono kukigeuza kiangalie juu.

"Kiache hivyo," alisema Ngazi. "Nimekufa, na shabaha ninayo bado."

Akakipitisha langoni. Kengele akasukuma chake nyuma yake, na wengine wakaondoka madirishani na kufuata, kifungo baada ya kifungo, mpaka chaki ya ngome ikafutika chini yao.

"Mpiga upinde anaingia ukumbini," alisema Ngazi, na hakuwa akiangalia viatu. "Mbavu ziko nje, lakini mkono hautetemeki. Sikia, mfalme. Umekalia kiti hicho kwa sababu ulituua mmoja mmoja. Leo tumekuja wote." Akaichukua dadu, akamtazama Dada Kiranja aliyesimama mlangoni. "Nahitaji ngapi?"

Ufunguo ulikuwa tayari ndani ya kitasa. Haukuzunguka.

"Kumi na nane," Dada Kiranja alisema mwishowe. "Ni mfalme."

"Kumi. Tuko wengi."

"Kumi na tano."

"Kumi," alisema Ngazi, "na tunaisoma wote."

Dada Kiranja aliiangalia sketi yake, akaliangalia jeshi. Akavuta stuli, akakaa upande wa kizibo chake.

Ngazi akarusha dadu.