Kanisa la Ndani ya Televisheni

Katekista Liévin alikuwa amechoka, tena uchovu wa miaka, si wa ile njia ya kutoka parokiani hadi Kabondo. Lakini waumini walikuwa wamemkalia kooni: eti kwa Mama Katungu, mwenye chumba cha michezo ya televisheni, watu wanapigana kwa bunduki ndani ya kanisa. Kama vile bunduki za kweli hazikuwatosha!

Alikuta jenereta inanguruma na benchi zimejaa.

"Mama Katungu, ule mchezo utoe. Leo hii."

"Ngoja kwanza, papa. Angalia, kisha utasema."

Franck, anayebeba abiria kwa baiskeli, ndiye aliyekuwa anacheza. Kwenye kioo cha televisheni, askari wake alisukuma mlango, na kanisa likafunguka: viti, mishumaa, msalaba. Papo hapo wote chumbani wakavua kofia. Franck akaweka kidude cha kuchezea juu ya magoti, asikiguse tena. Adui akachomoza nyuma ya altare, akampiga risasi askari wake, mchezo ukaisha.

"Kila siku wanafia hapo," Katungu alisema. "Hapa kwangu hakuna mutu anakubali kupiga risasi mu kanisa. Hata mumoja."

Ndipo Liévin akagundua kwamba kofia yake bado iko kichwani. Akaivua polepole, akajibwaga kwenye benchi kando ya Franck.

"Wale wenye bunduki waliotuvamia kanisani mwezi wa sita, tukiwa tumejificha chini ya viti," alisema, "hata kofia hawakuvua."