Difu Stoo kwa Mjane

Difu ya lori, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma, ilipoanza kusaga kama kinu kilichotiwa kokoto, shemeji alifika mwenyewe bila kuitwa. Hapo ndipo mjane alipoingiwa na wasiwasi. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa magari makubwa tangu ujana, lakini baada ya mazishi alikuwa haonekani hata kwa dawa.

"Gereji watakuzungusha, shemeji," alisema. "Tuishushe, niifumulie hapahapa nyumbani."

Wakaishusha kwa jeki na mbao, bonge zima la chuma lenye magurudumu ya meno ndani yake, wakaiburuta hadi stoo. Shemeji akaifungua, akatandika vipande juu ya gunia, pamoja na vipuri vipya alivyonunua mjane. Kisha akasema, "Sasa niache. Sipendi kusimamiwa."

Akarudishia mlango.

"Kwa nini ajifungie?" aliuliza jirani, fundi cherehani, akiwa na pini mdomoni. "Vyuma vyako vipya vitatoka na mfuko wake, utabaki na makapi."

Mjane akajifanya kucheka, lakini maneno yalimkaa rohoni. Lori lile, aliloliendesha mwenyewe tangu mumewe afariki, ndilo lililokuwa likibeba mchanga na kulisha nyumba. Akawa haishiwi sababu za kuingia stoo: mara anatafuta ufagio, mara analeta chai. Kila akiingia, shemeji anampa mgongo. Mara moja alimkuta amefumba macho, vidole vinatambaa juu ya meno ya gurudumu jipya, jino baada ya jino, kama anayelipima sokoni. Anachagua la kuiba, mjane akawaza.

Siku nyingine alisogeza beringi moja apate pa kuweka kikombe. Shemeji alipapasa pale ilipokuwa, akaikosa, akawaka.

"Nani kagusa vitu vyangu?"

"Vyako?" mjane akamrudishia. "Tangu lini vikawa vyako?"

Shemeji akanywea, akaendelea kupapasa gunia. Kunywea kule kukamwongezea mjane shaka.

Ikafika siku ya kupima meno. Mjane aliijua kazi hiyo, maana enzi za mumewe yeye ndiye aliyekuwa akimshikia tochi. Meno ya gurudumu kubwa hupakwa rangi, difu ikazungushwa kwa mkono, kisha unatazama rangi imefutika wapi. Ikifutika katikati ya jino, mambo sawa. Ikifutika pembeni, vibati vyembamba vya nyuma ya beringi havijapangwa vizuri, na meno yatakatika safari ya kwanza yenye mzigo.

Safari hii aliingia na kikombe cha chai, akagoma kutoka. Shemeji akapaka, akazungusha, akainama mpaka pua ikakaribia chuma.

"Imeshika katikati. Safi kabisa."

Mjane akachungulia. Rangi ilikuwa imekwanguliwa ukingoni kabisa.

Damu ikamchemka. "Kumbe ndivyo! Unataka lori linifie njiani, nikate tamaa, uje ulichukue kwa bei ya chuma chakavu!"

"Shemeji, unasema nini?"

"Rangi iko ukingoni! Au unaniona kipofu?"

Spana ikamtoka shemeji mkononi. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akajifuta uso kwa tambara la grisi, akajipaka weusi zaidi.

"Kipofu siyo wewe," alisema taratibu. "Jicho hili halioni kitu. Hili la pili limebaki ukungu. Gereji walinifukuza nilipofunga breki upande upande. Ndiyo maana nikapotea. Ningekuja kwako kusema nini? Nikasema vidole vinaijua difu, vitatosha. Havikutosha."

Mjane alisimama pale, kikombe mkononi. Aliona haya, na bado alikuwa na hasira: mtu huyu angemwacha aende barabarani na difu ile.

"Ungeniua," alisema.

"Najua."

Akaweka kikombe chini, akaufungua mlango wote mwanga uingie. "Haya. Niambie kibati kipi nitoe."

Wakaanza upya, yeye akitazama, shemeji akipanga. Walizozana, wakafumua tena, mpaka rangi ikafutika katikati, naye mjane akaikagua mara mbili kabla ya kukubali. Lori liliporudi barabarani na mchanga, halikusaga wala kulia.

Shemeji alipokwenda kupimwa macho, daktari alisema jicho moja lina mtoto wa jicho, linaweza kusafishwa. Fundi cherehani naye aliposikia, akauliza kama kweli mjane amehakikisha shemeji hajifanyi tu kipofu. Mjane akamwambia ashone tu.