Fundo la Arobaini na Moja

Wembe ulipita katika uzi ule bila sauti. Fundo lilipasuka katikati, vipande viwili vikaanguka juu ya gazeti, nami nikaviinua kimoja kwa kila mkono, kama mwalimu wa hesabu aliyemaliza kuthibitisha kanuni ubaoni.

"Mnaona?" niliwaambia wazazi waliojaa ukumbini. "Hakuna kitu ndani."

Hakuna aliyevitazama vipande. Wote walikuwa wamemgeukia binti aliyeketi mstari wa pili, mwenye jina lililoandikwa kwenye kikaratasi kilichoning'inia katika kimojawapo. Hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akautazama tena, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha mwingine akitafuta namna ya kukirudisha.

Huyo alikuwa Winnie Shimba. Zilibaki siku kumi na moja kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na tangu kidato cha pili hakuna aliyewahi kumtoa katika nafasi ya kwanza.

Mimi ni mkutubi. Kwa miaka ishirini na sita nimepanga vitabu vya chuo kimoja hapa Mwanza, na vingi nimevisoma, jambo ambalo kazi hiyo haimlazimishi mtu kulifanya. Nimesoma juu ya dini za watu wengi na hofu za watu wengi zaidi, nikafikia uamuzi kwamba zote mbili zinafaa kuwekwa katika rafu moja. Binti yangu Sabina alikuwa na rafu yake. Mwaka ule, mama yake akiwa masomoni Dodoma, Sabina alikuwa akitazama katika simu yake mfululizo wa katuni za Kijapani ambao muuza duka mmoja wa mtaa wa Mabatini alimjazia kwenye kadi: wasichana wadogo wanaosomea uchawi katika shule iliyojengwa juu ya mlima wa barafu. Kila msichana hutembea na kibiringo cha uzi. Kabla ya jaribio kubwa, rafiki yake humfungia fundo moja, na fundo hilo humhifadhia yote aliyojifunza yasimdondoke njiani.

Nilitazama vipindi vinne, nikalala katika cha tano. Niliona kwamba maadili yake ni yale yale ya skauti, ila kofia ni ndefu zaidi. Sikuona sababu ya kumkataza.

Sabina na rafiki yake Akinyi, mtoto wa watu wa Shirati aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake, walinunua uzi mweusi wa kusukia nywele. Walikata vipande arobaini na kimoja, kimoja kwa kila mwenzao wa darasani, wakiwemo wale wasiosalimiana nao. Walifunga fundo katika kila kipande, wakaning'iniza kikaratasi chenye jina, kisha jioni moja baada ya usafi wakavificha chini ya madawati, kila mtu na dawati lake. Walikusudia iwe zawadi ambayo mpokeaji hataijua.

Jumanne iliyofuata, kijana wa zamu ya kufagia aliinama kuokota kalamu.

Sihitaji kumweleza mtu wa huku kilichotokea baadaye, lakini msomaji wa mbali anastahili maelezo. Kwetu biashara hufungwa, kizazi hufungwa, na mtoto mwenye akili hufungwa ili asifaulu. Fundo ndilo chombo chenyewe. Likifunguliwa na yule aliyelifunga, mtu huwa huru na mambo yamekwisha. Likikatwa, kilichofungwa hubaki kimefungwa, kwa kuwa hapana tena mahali pa kukifungulia. Haya yote niliyajua. Nilikulia Kisesa, na nimewahi kuyaandikia makala katika jarida la chuo. Niliyajua kama mtu anavyojua jina la mji mkuu wa nchi ambayo hatarajii kufika.

Kufikia Jumatano wasichana wanne walikuwa wamezimia, na darasa zima lilikuwa nje, chini ya jua, likikataa kuingia. Akinyi alikiri kabla hajaulizwa, na Sabina akasimama kando yake. Makamu mkuu wa shule, Mwalimu Venant, aliwahoji mbele yangu ofisini.

"Ni katuni tu, mwalimu," Akinyi alisema.

"Katuni ya nini?"

"Ya wachawi. Lakini wachawi wazuri."

"Akinyi, mchawi mzuri umemwona wapi wewe? Shirati?"

"Shirati hatuna, mwalimu. Ndiyo maana tunawaangalia wa Japani."

Mwalimu Venant alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Walipotoka alinigeukia.

"Mzee Mihayo, mimi nina shahada ya fizikia. Lakini pia nina watahiniwa arobaini na mmoja walio nje ya darasa. Kesho wazazi wanakuja. Hawa mabinti wawili wafungue kila uzi mbele ya mwenyewe, waseme 'nimekufungua', tuishie hapo. Hakuna adhabu, hakuna barua. Sabina amekubali."

"Mwanangu hatafungua kitu ambacho hakijafungwa," nilimjibu.

"Mafundo yapo, mzee. Nimeyaona."

"Unanielewa ninachosema."

"Nakuelewa," alisema. "Ndiyo maana naogopa."

Kwa hiyo Alhamisi nilikwenda ukumbini na wembe mfukoni. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliuchagua uzi wa Winnie kati ya nyuzi arobaini na moja zilizotandazwa juu ya gazeti. Jibu si la kujivunia: ulikuwa karibu na mkono wangu.

Wazazi walipokuwa bado wakinong'ona, Sabina aliinuka. Hakuniangalia. Alimwita Akinyi, wakaketi mezani, wakaanza kufungua nyuzi zilizobaki, moja baada ya nyingine, wakimwita kila mwenye jina. Nimekufungua. Nimekufungua. Ilichukua saa nzima. Watoto walikuja, wakasikia, wakaenda zao wakivuta pumzi, na wengine wakawashukuru. Arobaini walitoka. Winnie alikusanya vipande vyake viwili kwa mkono wa kushoto, akavitia ndani ya daftari, akamfuata mama yake nje.

Ijumaa asubuhi mkono wake wa kulia haukufumba.

Mama yake, Modesta, muuza dagaa wa Mabatini, alimpeleka hospitali. Wakapiga picha, wakagonga viungo kwa nyundo ndogo, wakachoma kidole kwa sindano. Hawakuona ugonjwa. Habari hiyo, badala ya kuwatuliza watu, iliwathibitishia. Nilikwenda dukani kwake Jumamosi. Nilimkuta akichekecha dagaa kwa ungo, vumbi la samaki likimzunguka. Nilimweleza kwamba hali kama ile inafahamika, kwamba imeandikwa vitabuni kwa zaidi ya miaka mia, kwamba ina jina.

"Jina lake linasaidia nini?" aliuliza.

"Linasaidia kuelewa."

"Baba Sabina, mwanangu hawezi kushika kijiko." Aliendelea kuchekecha. "Akija mteja hapo utakuwa umemzibia njia."

Nilisogea. Wiki ile nzima nilikuwa nikisogea. Nilitembea kutoka kazini hadi nyumbani na kupitiliza. Nilijikuta Kirumba, nilijikuta ufukweni nikihesabu mawe yaliyotoka majini nisijue nahesabu kwa sababu gani. Nilifungua vitabu nikasoma ukurasa mmoja mara tatu. Nilipiga simu hospitali ya Bugando kutafuta mtaalamu wa nafsi, nikapewa miadi ya mwezi Desemba. Mtihani ulikuwa Novemba. Nyumbani Sabina alipika, akapakua, akala akiwa amesimama jikoni. Siku ya tano nilimwomba akae.

"Unajua kwamba uzi ule hauna nguvu yoyote," nilimwambia.

"Najua, baba."

"Sasa kosa langu ni nini?"

Alifikiri. Hakuwa na haraka ya kunihukumu, na hilo lilikuwa gumu kuvumilia.

"Haukuwa wako," alisema. "Hata wangu haukuwa. Niliufunga mimi, lakini ulikuwa wa Winnie. Hukumuuliza."

Jumamosi ya pili nilikwenda Kisesa kwa mama yangu. Wilhelmina Luhende ni Mkatoliki wa misa ya kwanza, lakini pia ni binti wa mfumu, mganga aliyejulikana hadi Bujora, na hajawahi kuona haja ya kuchagua kati ya mambo hayo mawili. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kigoda, nikakaa, nikamweleza.

"Ulikata?" aliuliza.

"Nilikata, mayu."

"Mwenyewe akiwepo?"

"Akiwepo."

Alipukuchua gunzi zima kabla ya kusema tena. "Basi kaviunge. Wewe, siyo mtoto. Uviunge, halafu ufungue, na binti akuone ukifungua."

"Mayu, ule ni uzi wa kusukia nywele."

"Najua ni uzi." Alinitazama kwa macho aliyokuwa akinitazamia nilipokuwa na miaka saba. "Ulidhani mimi nafikiri ni nini?"

Nilikuwa nimeishi miaka hamsini na minne nikiamini kwamba kati yangu na mama yangu kuna kitu kimoja ambacho mimi nakijua na yeye hakijui.

Jumapili alasiri, siku moja kabla ya mtihani, nilipanda ngazi za mawe za Mabatini hadi chumba cha Modesta. Winnie alikuwa ameketi kitandani, mkono wa kulia ukiwa pajani, wazi. Aliniamkia shikamoo bila kunikazia macho. Nilimwambia kilichonileta. Nilimwuliza kama anaruhusu.

Alifungua daftari na kunipa vile vipande viwili.

Vidole vyangu ni vya mtu anayegeuza kurasa. Uzi ulikuwa laini, na ncha nilizozikata zilikuwa zimechanguka. Kila nilipozikutanisha ziliteleza. Modesta alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Mara ya tatu fundo lilifunguka lenyewe kabla sijalikaza.

"Siyo hivyo," Winnie alisema. "Kwenye katuni wanapitisha mara mbili."

"Umeitazama?"

"Sabina alinirushia yote." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na saba. "Pitisha chini. Sasa rudi. Hapana, chini, mzee. Eh! Nyie wasomaji."

Alishika ncha moja kwa mkono wa kushoto ili isinitoroke. Nikapitisha chini, nikarudi, nikavuta. Fundo likakaa.

"Sasa fungua," alisema. "Lakini sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Jina langu. Lote."

"Winifrida Shimba," nilisema, "niliukata uzi wako bila kukuuliza. Nimekufungua."

Nililifungua fundo. Lilichukua muda, kwa kuwa safari hii nilikuwa nimelifunga vizuri. Hakuna kilichotokea. Nasema hivi kwa uangalifu wote wa mtu aliyezoea kupima ushahidi: hakuna upepo uliopita, wala mtu hakutetemeka. Nje mtu alikuwa akikokota ndoo juu ya mawe.

"Baba Sabina," Modesta aliita kutoka mlangoni. "Umesema kwa moyo?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo njia nzima. Nilikuwa na jibu la hekima lisilo kweli wala uongo.

"Kwa moyo," nilisema, nikashangaa kwamba sikuhitaji lile jingine.

Winnie alikizungusha kipande kimoja cha uzi katika kidole cha mkono wa kushoto, akakiachia. Alikuwa akifikiri jambo jingine kabisa.

"Mama," alisema, "sketi yangu ya shule ya kesho imekauka?"

Modesta alitoka nje. Tulimsikia akisogeza nguo kwenye kamba, moja moja, akitafuta.

"Bado kiunoni kidogo," aliita. "Nitaipiga pasi."