Paa Chini ya Mfenesi

Karani wa ardhi aligeuza kioo cha kompyuta kumwelekea mama yule, akamwambia aoneshe nyumba yake kwa kidole. Mama Miche aliinama hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Aliona kijani. Kijani kibichi, kijani kilichokolea, na mstari mwembamba wa njia uliopotelea katikati ya majani. Njia ile aliifahamu kwa nyayo. Hakuwahi kuitazama kutoka juu, kama mwewe anayetafuta vifaranga.

"Sioni," alisema.

"Na mfumo hauoni," karani alijibu. "Ndiyo maana umeandika kwamba hapo ni msitu."

Barua aliyoletewa wiki iliyopita ilisema hivyo hivyo kwa maneno marefu: eneo lake limeingizwa kwenye hifadhi, halina makazi wala kilimo, na yeyote atakayekutwa humo baada ya siku thelathini ataondolewa. Droni ilikuwa imekwisha kuihesabu miti, na kampuni za mbali zilikuwa zikisubiri kununua hewa safi inayotoka kwenye majani yake. Hayo ya kununua hewa hayakumshangaza sana Mama Miche. Wakubwa hawakosi cha kununua. Kilichomkera ni lile neno "halina". Miaka thelathini na moja anaamka pale, anafagia pale, anauguza pale, halafu karatasi inakuja kumwambia kwamba hayupo.

Na huo msitu aliupanda yeye. Alipoolewa, eneo lilikuwa kipara, udongo mwekundu unaoondoka na kila mvua. Alianza kuotesha miche kwenye makopo yaliyotupwa, akapanda, akawagawia majirani, mpaka watu wakalisahau jina lake wakabaki na hilo la Mama Miche. Serikali ilipotangaza kampeni ya miti, walikuja na wapiga picha, mkubwa mmoja akamshika mkono na kumkabidhi cheti cha raia wa mfano. Cheti alikuwa nacho siku ile, kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na karatasi ya kununulia shamba yenye dole gumba la baba mkwe wake. Alivitoa vyote akavipanga mezani.

Karani alivisoma kwa adabu, mstari kwa mstari. Kisha akasema mfumo haupokei karatasi. Barua ya mjumbe wa mtaa nayo haupokei, wala mashahidi. Zamani, alieleza, kila mwenye shangazi ofisini alikuwa na barua yake, na ardhi ikaliwa na wajanja. Mashine haina shangazi. Alilisema hilo kwa fahari, na Mama Miche akatamani kumzaba kofi.

"Sasa mwanangu, inapokea nini?"

"Picha, mama. Picha ya kutoka juu." Alitazama mlangoni, akashusha sauti kama anayetoa zawadi. "Droni inapita tena Alhamisi. Hakikisha nyumba inaonekana."

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya matofali na paa la bati, na juu ya paa mfenesi ulikuwa umejitandaza wote, shina lake likiwa hatua nne kutoka mlangoni. Mama Miche aliupanda pale makusudi, kwa sababu bati linachoma. Chini ya kivuli hicho mume wake alikuwa na mwaka wa nne kitandani. Kiharusi kilikuwa kimeua upande mmoja wa mwili. Ulimi kiliuacha.

"Wakati wa kura walituona vizuri tu," alisema mzee baada ya kusimuliwa, akacheka kwa nusu ya mdomo. "Walitufuata mpaka chumbani."

Walifikiria njia nyingine. Kuwasha moto mkubwa uani, wakaona wataitwa wachoma misitu. Kutandaza mashuka juu ya vichaka, lakini jirani wa bondeni alikuwa amelijaribu hilo kwa mashuka mekundu, na jibu alilopata ni kwamba eneo lake lina maua. Watu walimcheka jirani yule wiki nzima. Siku ya kuhamishwa kwake hakuna aliyecheka.

Ulibaki mfenesi. Jumatano asubuhi alikuja shemeji yake, fundi seremala, na msumeno begani. Aliuzunguka mti mara mbili, akalipapasa shina, akauliza kama shemeji ana hakika, maana mti wa kupanda ni wa miaka na wa kukata ni wa nusu siku. Mama Miche alichukua shoka, akapiga la kwanza mwenyewe. Utomvu mweupe ulimrukia mikononi na ukagandia hapo, haukutoka hata alipojisugua kwa mafuta ya taa. Mti ulipoanguka, mafenesi machanga yalibingirika mpaka mlangoni, na yeye alikaa juu ya kisiki akalia kwa hasira, hasira tupu, bila kujificha.

Alhamisi ilipofika saa sita, bati lilikuwa linalia kwa joto. Mzee alikataa kutolewa nje, jua la uani lingemmaliza haraka zaidi. Mama Miche alimlowanishia kitambaa, akamwekea kifuani, akarudi tena na tena kukilowanisha. Ndipo aliposikia mvumo. Alikimbia, shoka bado mkononi kwa kuwa alikuwa akichanja matawi kando ya nyumba, akasimama katikati ya ua akainua uso. Kile kidude kilipita juu ya nyumba taratibu, kikageuka, kikapita tena.

"Imetuona," alimwambia mumewe aliporudi ndani.

"Basi tuanze kutafuta pa kujificha," mzee alijibu.

Baada ya siku kumi na moja aliitwa ofisini. Askari wawili wa misitu walikuwa wameketi ukutani, lakini hakuwatilia maanani, ofisi za serikali hazikosi watu wa kuketi. Karani aligeuza kioo. Safari hii Mama Miche hakuhitaji kuinama. Paa lilikuwa pale, na kutu yake, na jiwe lililozuia bati lililolegea. Na yeye mwenyewe uani, mdogo, uso juu. Moyo wake ulijaa furaha.

"Ni yako hii?" karani aliuliza.

"Yangu."

"Na huyu ni wewe? Unathibitisha?"

"Nathibitisha, mwanangu. Mungu akubariki."

Karani aliandika. Alipomaliza alianza kusoma, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine. Picha ya awali: hakuna jengo. Picha ya Alhamisi: jengo moja ndani ya hifadhi, mti mkubwa mmoja umekatwa, mhusika anaonekana akiwa na shoka. Mfumo umeamua: uvamizi mpya.

"Mpya?" Mama Miche aliuliza. "Nimevamia lini?"

"Alhamisi."

"Si wewe uliyeniambia?"

"Nilisema ionekane, mama. Sikusema ukate."

Askari mmoja alisimama, akajinyoosha, akachomoa pingu kiunoni. Mama Miche aliitazama mikono yake, bado ina mabaka meusi ya utomvu, akaificha nyuma kama msichana. Aliwaambia hawezi kwenda popote, ana mgonjwa nyumbani, mume wake hawezi kujigeuza wala kujipa maji, na bati lile sasa ni tanuri. Mtu asipofika kabla ya mchana, watamkuta amekufa. Aliyasema hayo polepole ili yaeleweke.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alirudi kwenye kioo, akaivuta picha karibu, akaipitia pembe moja hadi nyingine: ua, kisiki, mlango, paa. Aliivuta tena mpaka paa likawa vipande vya rangi ya kutu visivyo na umbo.

"Mgonjwa simwoni," alisema. "Hapa kuna mtu mmoja tu, na ni wewe."

Askari alikuwa ameshafungua mlango.