Waliofia Shaba

Jumanne, saa mbili asubuhi, Marceline Mputu alifungua maktaba ya chuo cha wauguzi cha Kamina, akapangusa vumbi la mchwa juu ya meza, akawasha kompyuta, kisha akamwomba Mwepu, mlinzi wa lango, apeleke viti uani. Mwepu akauliza ni viti vingapi. Marceline akasema bado hajui, itategemea maneno.

Kazi yenyewe ilitoka Lubumbashi. Daktari Gisèle Lumbala alikuwa akiongoza mapitio ya makala zote zilizowahi kuandikwa kuhusu wanawake wa Kongo wanaokufa kwa kutokwa na damu baada ya kuzaa. Kulikuwa na friji mia tatu ndogo za sola, za kuhifadhia dawa ya kukaza mji wa mimba, dawa ambayo ikikaa kwenye joto huishiwa nguvu ikawa kama maji ya kisima. Friji zingepelekwa kwenye maeneo ambako mapitio yangeonyesha kwamba wanawake wanakufa. Ambako yasingeonyesha, basi. Marceline alipewa sehemu ya kutafuta: kupanga maneno, kuyaingiza kwenye hifadhidata za makala za tiba, na kutuma orodha kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Vituo vya afya vya kuzunguka Kamina havikuwa na friji hata moja iliyokuwa ikifanya kazi. Dawa ilikaa ndani ya ndoo ya maji chini ya meza, na wakunga waliiombea. Marceline alizitaka hizo friji kwa moyo wake wote, wala hakuficha. Mama yake, Ngalula, mke wa askari aliyekuja kutoka Kasai kukaa Base, kambi ya jeshi ya Kamina, alitokwa na damu mpaka akafa siku ileile aliyomzaa, mwaka 1987.

Tangu chuo kipate intaneti ya satelaiti, watu wa kwenye makala walikuwa wakija wenyewe. Ukitafuta neno na makala ikapatikana, wafu waliohesabiwa au kutajwa ndani yake huingia langoni, wakakaa uani, wakabaki hapo mpaka utafutaji ufungwe. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliwaamkia wakipita kwenda darasani. Wale wa mwaka wa tatu walikuwa wameshaacha.

Kwa hiyo Marceline alijifunza kutafuta kwa adabu. Mwezi wa kwanza aliwahi kuandika AU mahali pa NA, wakaja wanawake elfu kumi na moja kutoka nchi za Asia, wakapanga mstari mpaka kwenye reli, wapole kabisa, na hapakuwa na maji ya kuwatosha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, lakini aliyesema hivyo hakuwa na intaneti. Mara nyingine aliandika Kamina, akakata herufi ya mwisho na kuweka nyota, ili apate kila neno linaloanza hivyo. Akaja mzee mnene wa Kizungu aitwaye Kaminsky, bingwa wa figo, aliyefariki zamani. Akakaa mchana kutwa akinywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, akashukuru, akaenda zake.

Siku hiyo ya Jumanne aliandika damu, NA kuzaa, NA Kongo. Walikuja wanawake wengi wa Kinshasa, na wanne wa Brazzaville ambao baada ya kuulizana waligundua kwamba wameitwa kwenye Kongo ambayo si yao. Akaongeza Katanga. Wakaja sita kutoka upande wa migodi, kusini. Akaongeza Haut-Lomami, jina la leo la jimbo la Kamina, akangoja. Hakuna aliyeingia ila kuku wa jirani.

Jumatano asubuhi Mwepu alikuja mlangoni akiwa na daftari lake. Mwepu huandika kila anayeingia, jina lake, atokako na saa. Aliyekufa, mwaka wake pia. Alisema nje ya lango kuna wanawake wamesimama tangu jana, wamekataa kuingia.

Marceline akatoka. Walikuwa wengi, wamejipanga kando ya ukuta, wengine na majembe. Aliyewasemea alikuwa mkulima wa njia ya kwenda Kaniama, mwanamke wa makamo aitwaye Kabongo.

"Juu ya nini hamuingie, Mama?" Marceline akauliza.

"Hatukuitwa," akasema Kabongo. "Weye unaita bantu ya Katanga. Minyi nilikufaka mwaka wa makumi munane na tano. Katanga haikukuwako. Minyi nilikufaka ku Shaba."

Marceline aliona haya. Jimbo la Katanga lilikuwa limeitwa Shaba zaidi ya miaka ishirini na mitano, kila mtu mzima pale Kamina anajua, naye mwenyewe cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa hivyo. Lakini orodha ya maneno ilikuwa imeletwa tayari, na aliyeitunga alikuwa ametazama ramani ya leo. Akarudi ndani, akaandika Shaba, safari hii bila nyota. Wakaingia wanawake thelathini na wanane, Kabongo mbele, na Mwepu akawaandika mmoja mmoja.

"Kungali bengine ku inje," Kabongo akasema alipokwisha kukaa. "Bale docta yabo aliandikaka paka Zaïre tu."

Kuuliza si ujinga, na kukumbushwa pia. Marceline akaandika Zaïre. Hapo ndipo uani palipojaa. Waliingia wanawake wengine kumi na tisa, lakini nyuma yao wakaingia watu wa maabara wenye mavazi ya manjano, na nyani wengi kwenye vizimba vya waya, maana kirusi kimoja cha Ebola kilipewa jina la nchi na kikabaki nalo hata baada ya nchi yenyewe kulitupa. Nyani wakaanza kula mahindi ya mkuu wa chuo. Marceline, kwa haraka, akaandika: BILA Ebola. Nyani wakatoka, watu wa manjano wakatoka, uani pakatulia, naye akaendelea na kazi hadi saa sita bila hili wala lile.

Saa sita alikwenda langoni kulinganisha hesabu yake na daftari la Mwepu. Ilipungua mtu mmoja. Akafuata mistari kwa kidole mpaka akafika palipoandikwa: Ngalula, mke wa sajini Mputu, Base, 1987. Ameingia saa nne kasoro kumi. Ametoka saa nne na robo, pamoja na nyani.

"Hakusema kintu?" Marceline akauliza.

"Aliuliza kama naye njo atoke," Mwepu akasema. "Nikamwambia kama beko banatosha bantu inje, njo kutoka."

Marceline akarudi mezani, akaitafuta ile makala. Kichwa chake kilisema Zaïre tu. Mwishoni mwa muhtasari daktari alikuwa ameongeza sentensi moja: kwamba miaka ile wauguzi wengine waliogopa kugusa damu ya wazazi, kwa sababu ya habari za Ebola. Kwa sentensi hiyo moja, mama yake alikuwa ametolewa nje. Alijikasirikia sana. Ukutubi alifundishwa Lubumbashi na mwalimu aliyewaambia siku ya kwanza kwamba BILA ni panga la kipofu, na yeye alilishika mwenyewe. Akalifuta. Nyani wakarudi, mahindi ya mkuu wa chuo yakaisha, na nyuma ya kizimba cha mwisho akaingia msichana wa miaka ishirini na miwili, amevaa blauzi ya libaya ya kijani na kikwembe chake kiunoni, akatafuta kiti kilicho kivulini.

Marceline alikuwa na miaka thelathini na minane. Alimpelekea maji mwenyewe, na hakujua kama apige goti au la. Akapiga.

"Weye njo ule mutoto?" Ngalula akauliza.

"Njo minyi, Mama."

"Umekuwa mukubwa kunipita." Akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. "Una pua ya baba yako. Si kitu."

Marceline akalia kidogo, akanawa uso bombani, akarudi kwenye kompyuta, maana kulikuwa na makala mia nne za kuondoa zilizojirudia, na ile orodha haikujali mtu analia au halii. Alhamisi yote Ngalula alikaa dirishani akimtazama akifanya kazi. Kufika jioni, wanawake wa Shaba walikuwa wamehakikishwa wote: hamsini na saba, katika makala tatu, na mmoja wao mama yake. Marceline alituma barua Lubumbashi akieleza neno lililosahauliwa. Alilala na furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu apewe kazi ile.

Ijumaa saa tatu Daktari Gisèle akapiga simu.

"Mama Marceline, umefanya kazi ya muzuri sana," akasema. "Ile ya Shaba hakuna mwenye aliwaza. Lakini protocole, mupango ya kazi, ilisha andikishwa. Miaka inaanzia elfu mbili."

"Docta, hakuna benye baliandikaka juu ya Kamina tangu elfu mbili. Kuko paka bale tu."

"Najua. Lakini nikibadilisha leo, batasema tulichagua bantu ba kufa benye tunapenda. Hii kazi yote itatupwa." Hakuwa mtu mbaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hakulala vizuri. "Sasa bale banakufa leo, beko wapi?"

"Beko mu registre ya maternité, kitabu ya banamuke ya kuzaa."

"Registre si makala, Mama Marceline."

"Njo vile, Docta."

Kwenye mapitio ya namna hii, kila kinachoondolewa huandikwa idadi yake na sababu yake, ili mtu yeyote aweze kukagua. Marceline alikwenda uani akawaeleza wanawake, kwani aliona ni vibaya kumwondoa mtu bila kumwambia. Hawakupiga kelele. Kabongo alitaka kusikia sababu yake ikisomwa, na baada yake wote wakataka, kila mmoja ya kwake. Marceline akasoma mara hamsini na sita: mwaka. Mara ya hamsini na saba akakaa chini.

"Na yangu?" Ngalula akauliza.

"Mwaka, Mama."

"Nilikufa mbio sana."

"Ndiyo."

Ngalula akafikiri. "Kama ningekufa elfu mbili, na bangeniandika, ningeingia?"

"Ungeingia."

"Na weye ungekuwa na miaka ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Kumi na tatu ni mingi," Ngalula akasema. "Ningekufundisha kusonga bukari."

Saa sita kasoro dakika tano Marceline akapiga moyo konde, akaweka alama kwenye kisanduku cha miaka, akabonyeza. Wanawake wakainuka, wakakunja viti, wakaviegemeza ukutani kama walivyovikuta, wakatoka. Mwepu akaandika saa. Kwenye skrini, mbele ya jina la eneo, palibaki sifuri.

Mapitio yalichapishwa baada ya miezi minane, na jina la Marceline likiwa kwenye shukrani. Ndani yake kulikuwa na ramani. Maeneo yenye vifo yalipakwa rangi nyekundu, na Kamina iliachwa nyeupe. Chini ya ramani pameelezwa kwa maandishi madogo kwamba nyeupe maana yake ni kwamba hakuna makala iliyopatikana. Ofisi iliyogawa friji haikusoma maandishi madogo. Friji zikapelekwa kwenye nyekundu, na maeneo meupe yakaandikiwa barua ya pongezi, yenye mhuri, kwa kuwa na vifo sifuri. Mama Nday, mkunga mkuu, aliibandika ya Kamina kwenye ukuta wa maternité, juu ya meza iliyo na ndoo chini yake, kwa sababu aliagizwa ibandikwe. Wiki hiyo registre ilikuwa imepata majina mawili.

Nakala ya barua ililetwa maktaba pia. Ilifika siku ya Alhamisi. Alhamisi mchana, kazi zikiisha, Marceline huwa anafungua hifadhidata kwa haja yake mwenyewe, akaandika Zaïre, asiweke mwaka wala BILA. Mwepu hufunika mahindi ya mkuu wa chuo kwa turubai, na Ngalula huja, akakaa dirishani, akamenya karanga. Siku hiyo aliona mhuri, akauliza barua inasema nini, maana hakujua kusoma.

"Inasema huku kwetu banamuke habafi tena na damu ku kuzaa," Marceline akasema.

Ngalula akamenya karanga mbili, tatu.

"Ni habari ya muzuri," akasema. "Ilianza mwaka gani?"

"Elfu mbili, Mama."