Kiungulia cha Mwajuma

Jumanne asubuhi, mwaka 1974, katika kijiji kimoja juu ya Bumbuli, Mwajuma alikuwa amechuchumaa jikoni akimenya viazi. Kuni zilikuwa zimelowa ukungu na moto ulikuwa umezimika. Kiungulia kikampanda. Alipocheua, maganda ya viazi yakashika moto. Akayasukuma chini ya sufuria, akaendelea kumenya.

Kiungulia kilimwanza wiki ile mumewe, Selemani, alipomwoa Fatuma na kumjengea ng'ambo ya kijito. Zamu zilipaswa kuwa siku mbili huku, mbili kule. Sasa ilikuwa wiki ya tano ya kule. Kila Selemani alipocheka ng'ambo, kifua cha Mwajuma kiliwaka.

Viberiti vilikuwa vimeadimika hata kwenye duka la ushirika. Jirani yake, Raheli, alikuja na kigae chenye vijiti kuomba moto, kama ilivyo desturi.

"Mafigani hamna kitu, shoga. Lete hapa," Mwajuma alisema, akacheulia kigae.

Raheli alishukuru, akalalamikia mvua, akaenda zake.

Kufika Alhamisi wanawake kumi na wanane walipanga foleni na vigae. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sefania, alimwondolea Mwajuma palizi ya shamba la ujamaa, akamwandika kazi mpya: moto.

Lakini koo lilimuuma. Raheli akamwelekeza: maziwa baridi, pilipili aache, asilale shibe ikiwa bado mbichi, kichwa cha kitanda akiinue kwa mawe. Mwajuma alifuata yote, akapata nafuu kidogo. Ijumaa Selemani alirudi na koti lake, akaketi kigodani, akasema hakuna viazi kama vya nyumba hii. Hapo kiungulia kikaisha kabisa.

Kijiji kizima kilishinda kwa ndizi mbivu. Jumamosi Mzee Sefania alibisha hodi, kofia mkononi.

"Mama, kamati inakuomba uache maziwa."

"Nitaungua, mwenyekiti."

"Tunajua. Ila kila mtu hutoa alichonacho. Tena tatizo si maziwa pekee. Kamati imeamua Selemani arudi kwa bi mdogo."

"Uamuzi wa kijiji, mke wangu," Selemani alisema. Koti alikuwa ameshalivaa.

"Na mimi nani kaniuliza?"

"Hilo ulilete mkutanoni," Mzee Sefania alisema. Mkutano ulikuwa asubuhi, saa ya kugawa moto.

Jumatatu Fatuma alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alivaa kanga mpya, ile ile ambayo Mwajuma alimwomba Selemani tangu Idi akaambiwa hakuna mgawo dukani.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba."

"Anataka maji ya kuoga. Amesema yawe ya moto hasa."

Nyuma yao wanawake walirudi hatua mbili. Mwajuma aliitazama kanga, akaitazama shingo iliyopakwa mafuta, kisha akafungua kinywa. Vijiti viliwaka vyote kwa pamoja na kigae kikawa chekundu hadi kitako. Fatuma alikishika kwa majani ya mgomba, akashukuru kwa adabu, akavuka kijito. Punde moshi ulipanda ng'ambo, mnyoofu na mnene, na foleni nzima ikakubaliana kwamba moto mzuri namna ile haujapata kutoka.

Mwajuma akafuta midomo kwa kiganja.

"Anayefuata," alisema.